Ulimkasirikia nani, kaka?

Mvua ilikuwa imetufungia ndani. Hii mvua yetu inayotokea ziwani imesimama kama ukuta. Ukiona Capri Point, ile rasi yetu hapa Mwanza, imepotea, ujue umebakiwa na dakika chache za kuanua nguo. Gereji ya mjomba iko kando ya barabara ya Igoma: mabati juu, turubai ubavuni, sakafu ya udongo ulioshiba oili mpaka ukawa mgumu na mweusi kama lami. Tulikuwa watu sita, Noah moja iliyopandishwa juu ya magogo, na runinga ndogo iliyofungwa kwenye nguzo kwa waya wa nondo.

Dogo mmoja anayejifunza ufundi akachomeka flashi ya siku nyingi. Yakaja magari matatu chakavu yanarukaruka kwenye vumbi jekundu, na nikayajua kabla picha haijatulia. Top Gear, kile kipindi cha magari cha BBC, ile safari ya mwaka 2013, jamaa watatu walipokuja pande zetu hizi kutafuta chanzo cha Mto Nile.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa amejikinga mvua akauliza kama kipindi bado kinaendelea. Nikamwambia hapana, BBC walikisimamisha Novemba 2023.

"Kisa?"

"Mtangazaji wao aliumia vibaya wakati wa kurekodi."

Akatikisa kichwa, akasema pole yake. Nami nikaongeza, sijui hata kwa nini, kwamba habari ile ilipotoka nilikasirika sana. Akanigeukia. Hakuwa ananidhihaki, alitaka kuelewa.

"Ulimkasirikia nani, kaka?"

Nilifungua mdomo, sikuwa na neno.

Mvua ikakatika, akapiga kiki, akaenda zake. Hii ni wiki ya sita. Nimejaribu kuandika mambo mengine hapa na kila nikianza narudi kwenye swali lake.

## Gereji isiyojua Kiingereza

Sitaeleza Top Gear ilikuwa nini. Wewe unayesoma ukurasa huu ulikuwa nayo kwenye DVD yenye mikwaruzo, au kwenye flashi uliyojaziwa dukani, au kwa jirani mwenye king'amuzi. Nitaeleza tu ilivyotazamwa kwa mjomba, kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo.

Mjomba hajui Kiingereza. Mafundi wake wengi hawakijui. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafsiria Jumapili mchana, kazi ikiwa imepungua, sahani za ugali na sato zikiwa bado chini. Lakini mjomba hakupenda tafsiri zangu. Zilikuwa zinamharibia mlio.

"Nyamaza kidogo," angesema. "Wote fumbeni macho."

Tunafumba. Mle kwenye ile safari ya Nile kulikuwa na magari matatu: Jeremy Clarkson na BMW 528i, Richard Hammond na Subaru Impreza WRX, James May na Volvo 850R. Yote ya kubeba mizigo nyuma, yote mitumba, yote ya aina ambayo mtu wa Mwanza angeweza kuletewa na shemeji yake akaambiwa "hebu liangalie". Mjomba anauliza: hilo lina silinda ngapi?

BMW ilikuwa rahisi. Silinda sita kwenye mstari mmoja, inatiririka kama cherehani ya fundi mzuri. Subaru ina nne zilizolala chali, mbili huku na mbili kule, na mabomba yake ya eksozi hayalingani urefu, ndiyo maana inadundadunda kama ngoma ya Bugobogobo. Iliyotushinda ni Volvo. Ilikuwa kama mtu anayechechemea, ila anakimbia kuliko wenye miguu mizima. Tulibisha wiki mbili. Mmoja anasema nne inayomisi, mwingine anasema sita iliyokufa moja.

"Tano," mjomba akasema. Wala hakugeuka.

Zilikuwa tano.

Tangu siku ile kila anayejifunza pale huanzia kwenye kufumba macho. Nimemwona dogo wa miaka kumi na saba akimwambia mteja, kabla boneti halijafunguliwa, kwamba plagi ya silinda ya tatu imekufa. Ikachomolewa, ilikuwa imekufa. Hakuna chuo kilichomfundisha hivyo. Ni Jumapili zile.

Na kulikuwa na Hilux. Pikapu ya dizeli ya mwaka 1988 waliyoitesa mwaka 2003: ikagongeshwa, ikazamishwa kwenye maji ya bahari, ikachomwa moto, mwisho ikapandishwa juu ya ghorofa refu lililolipuliwa na kubomoka nayo. Sharti lilikuwa moja, fundi atumie spana zake tu, spea hairuhusiwi. Hapo mjomba alisogeza kigoda. Ufundi bila spea ndio ufundi wetu. Tunajua kukata gasketi kwenye boksi la maji ya chupa. Ile Hilux ilipokohoa, ikatoa moshi, ikawaka tena kutoka kwenye kifusi, mjomba alisimama akavua kofia yake. Hakuna aliyecheka. Alikuwa ameona kazi yake ya miaka yote, mara ya kwanza, ikioneshwa kwenye runinga kama jambo la kustahili kutazamwa na dunia.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Kwa hiyo usiniambie kilikuwa kipindi tu.

## Neno la makaburini

Tangazo lilitoka tarehe 21 Novemba 2023. Nilikuwa kwenye kipanya cha Buhongwa, nimebanwa dirishani, nikalisoma kwenye simu mara mbili. BBC hawakusema wamekifuta. Walisema wameamua kukipumzisha, kwa muda usiojulikana.

Nilipomsomea mjomba jioni yake, aliacha kufuta mikono.

"Kupumzishwa? Hilo si neno la makaburini?"

Kipindi kilichoanza mwaka 1977, kikafumuliwa na kuundwa upya mwaka 2002, kikaingia hadi kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kutazamwa, kilikuwa kimezikwa kwa neno la upole. Kwenye kundi letu la WhatsApp la gereji niliandika: "Wametunyang'anya." Yakafuata mengi. Mmoja akasema kilishakufa tangu 2015 walipoondoka wale watatu. Mwingine akadai mabosi wa siku hizi wanaogopa kila kitu. Mwingine akaomba mwenye DVD ya safari yao ya Botswana asimnyime.

Juzi nilirudi nikayasoma yote, moja baada ya jingine, natafuta kitu kimoja.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza hali ya majeruhi.

Wala mimi.

Anaitwa Andrew Flintoff, Freddie kwa waliomzoea, nahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya England. Desemba 2022, uwanja wa majaribio wa Dunsfold, gari la wazi la magurudumu matatu lilipinduka naye ndani. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Uso wake ulichanika kiasi kwamba alijifungia nyumbani kwa miezi. Alipoonekana tena hadharani Septemba 2023, akiwa na timu ya kriketi, makovu yalikuwa yanaonekana kutoka mbali.

Magurudumu matatu. Sisi tunaoishi na bajaji hatuhitaji kuelezwa kitu cha magurudumu matatu kinavyoweza kumgeuka dereva wake kwenye kona.

## Sahihi yangu

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu: sikujua vya kutosha, basi. Habari za Flintoff zilikuwa chache, yeye mwenyewe alikaa kimya muda mrefu, na mtu wa Mwanza angejuaje?

Ndipo nikaikumbuka Machi 2015.

Mwaka ule Clarkson alimpiga mtayarishaji wa kipindi hotelini, baada ya siku ya kurekodi, kwa sababu ya chakula. Alitaka cha moto, jiko lilikuwa limefungwa. Mtu akapigwa mpaka akaenda kutibiwa. Safari hii hakuna kilichofichika, nilijua yote. Likaanzishwa ombi mtandaoni la kumrudisha Clarkson, na watu zaidi ya milioni 1 wakaweka majina yao. Likapelekwa BBC London kwa kifaru cha jeshi.

Jina langu lilikuwamo. Nilitumia bando langu la mwisho usiku ule kulijaza, na nilipoona picha za kifaru nikafurahi kama mtu ambaye timu yake imefunga.

Yule mtayarishaji, jina lake sitaliandika, limeandikwa vya kutosha. Mashabiki walimtukana mtandaoni, wakamtishia, kana kwamba yeye ndiye aliyepiga. Mimi sikumtukana. Lakini nilikuwa mmoja katika ule umati aliokuwa akiusikia mlangoni kwake, na umati haumwoneshi mtu nani amenyamaza na nani anatukana.

Nimeliweka hivi kwenye daftari, na ndilo lililonikosesha usingizi zaidi ya mengine yote:

Mara mbili kipindi kilisimama kwa sababu mtu aliumizwa. Mara zote mbili mimi nilikililia kipindi.

Kuna na ya 2006. Septemba ile Hammond alikuwa kwenye gari la injini ya ndege, mwendo wa zaidi ya kilomita 460 kwa saa, tairi la mbele likapasuka. Alipoteza fahamu, ubongo ukaumia, akarudi studio Januari 2007 akapokewa kwa vigelegele. Sisi tulipoipata ile DVD tuliirudisha nyuma. Mara tatu, mara nne. Tunaangalia tairi lilipoachia, tunalinganisha na tairi la kipanya. Tukajiambia tunasoma ufundi.

Labda tulikuwa tunasoma ufundi. Lakini nilikuwa pale, na naikumbuka ile "yooo!" iliyopaa kila mara gari lilipobiringika. Nani alikuwa anaidai ile yooo? Mtayarishaji wa kipindi anayejua watu wanarudisha nyuma sehemu gani, atatengeneza nini msimu ujao? Chris Harris, aliyekuwa mtangazaji mwenzake Flintoff, alikuja kusema hadharani kwamba kabla ya ajali aliwaonya wakubwa: wakiendelea vile, mtu atakufa. Wakubwa wana sehemu yao, nao ni kubwa. Mimi nina yangu.

## Simu mkononi

Sasa hili nililokuwa nalizunguka.

Mwaka 2018 mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumemaliza pikipiki ya mteja, breki mpya nyuma na mbele, na ilibidi ijaribiwe. Mdogo wangu akaipeleka kwenye mteremko ule wa mawe nyuma ya mtaa wetu, nami nikamfuata nikiwa na simu. Alikuwa ameona nini kwenye runinga wiki ile mnakijua. Akasimama juu ya kiti, mikono ameipanua.

Nikapiga kelele: "Ongeza!"

Kuna kalvati chini pale, na kando yake mchanga uliokuwa umeshushwa na mvua. Tairi la mbele liliingia mchangani. Taya lilipasuka, meno mawili yakabaki barabarani, na leo ana kovu linalotoka pembeni ya mdomo mpaka chini ya kidevu. Hospitalini tulisubiri kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, na shati langu lilikauka na damu yake.

Mama alipofika hakupandisha sauti. Alinitazama akasema, "Wewe si ndiye mkubwa?"

Ile video ninayo. Ni sekunde kumi na moja. Kicheko changu kinasikika mpaka sekunde ya tisa. Nimebadilisha simu mara tatu tangu hapo, na kila mara nimeihamisha pamoja na picha za harusi na za msiba wa baba.

Sasa niambie ilikuwaje nikasoma Novemba 2023 kwamba mtu amepasuka uso akijaribu chombo cha magurudumu matatu bila kofia, nisiuone uso wa mdogo wangu. Tulikuwa tumeketi naye meza moja siku ile. Nilimsomea habari mimi mwenyewe.

## Aliyeumia hakubali

Nilidhani yeye atanielewa. Wiki iliyopita nikamfuata Kirumba, anakofanya kazi siku hizi, tukakaa kwa mama lishe. Nikamwambia yote, swali la kijana wa bodaboda, sahihi ya 2015, hata video ambayo hakujua bado ninayo. Nikamwambia nimeanza kuona BBC walifanya sawa.

Akaweka kijiko chini.

"Bro, mimi walinikera kuliko wewe."

Akaniambia miezi ile mitatu aliyolishwa uji kwa mrija, taya limefungwa waya, alichokuwa akitazama ni kile kile kipindi. Mimi nilidhani alikuwa anajiliwaza. Anasema alikuwa anahesabu. Nani amevaa kofia, nani hajavaa, nani amefunga mkanda, gari gani limewekewa fremu ya vyuma ndani. Ndivyo alivyojifunza alipokosea. Na alipopona ndivyo alivyorudi kupanda pikipiki bila kutetemeka.

"Mtu akianguka jikoni hamfungi jiko," akasema. "Wangewavalisha kofia wakaendelea. Sasa wamekifunga, na huyo jamaa anaamka kila siku anajua kilifungwa kwa ajili ya uso wake. Hiyo ni zawadi?"

Sikuwa nimelifikiria. Miaka yote hii mdogo wangu amekuwa akikataa tuache vitu kwa ajili yake. Mama aliwahi kukataza pikipiki zote nyumbani na yeye ndiye aliyegoma kula mpaka moja iliporudishwa. Nami bado sikubaliani naye lote. Jiko la nyumbani halipikiwi ili watu milioni wapige yooo mpishi akiungua. Lakini nilinyamaza, kwa sababu kati yetu wawili mwenye kovu ni yeye.

Akamalizia dagaa wake. Kisha, bila kuniangalia: "Ile video nitumie."

Nikamtumia pale pale mezani. Akaitazama mara moja bila kubadilika uso, akaishusha simu.

"Breki zilikuwa nzuri lakini."

## Jumapili

Yule kijana wa bodaboda alirudi Jumapili iliyopita, cheni imelegea. Wakati dogo anaikaza nikamwomba asubiri kidogo, nikamwambia nimepata jibu la lile swali lake. Alikuwa ameshalisahau, ikabidi nimkumbushe.

Nikamwambia nilimkasirikia aliyeumia. Kwamba ukikwangua maneno yote ya mabosi waoga na ya kunyang'anywa, chini kabisa kulikuwa na hilo: kwa nini ameumia, ona sasa ametuharibia Jumapili.

Hakushtuka. Alikaa kwenye tairi, kofia yake ngumu magotini, akasema abiria wake nao huwa hivyo. Ukimpa kofia avae anakasirika, anasema inanuka, inamharibia nywele. Na ukianguka naye anakasirika tena, anakukasirikia wewe.

"Wewe unafanyaje?"

"Asiyevaa simpakii. Siku nyingine narudi na elfu nne tu."

Kwenye runinga dogo alikuwa amerudisha ile safari ya Nile. Wale jamaa walimalizia upande wetu wa Tanzania, na gereji yote hubishana hapo kila mara, maana huku Mwanza ndiko Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alikoliona Ziwa Victoria mara ya kwanza, Agosti 1858, akasema Nile inaanzia humu. Mjomba hana habari na ugomvi huo. Gari moja lilikuwa linapanda kilima nje ya picha, mlio tu, vumbi limefunika kila kitu.

Akamgeukia kijana wa bodaboda.

"Fumba macho."

Kijana akatuangalia sisi, akaona hakuna anayetania, akafumba. Mikono yake ilikuwa juu ya ile kofia. Nikaona vidole vinaanza kupiga taratibu, vinahesabu.

"Nne," akasema.

"Sikiliza tena," mjomba akamwambia.